Isaiah Thomas aliangushwa na nini hasa: kimo, nyonga ama mkataba? Na mimi gadi mfupi nifanye nini

pointi_wa_umoja

Niaje wadau. Swali langu ni refu kidogo lakini naomba msome hadi mwisho juu nataka majibu ya watu wanaojua basketi, si wale wa kuniambia tu nikaze roho.

Mimi ni pointi gadi, yule wa kuleta mpira na kupanga mchezo, nina miaka 22, kimo sentimita 174, nachezea timu moja ya daraja la chini hapa Nairobi. Tangu kidato cha pili mtu mwenye nimemfuata kuliko wote ni Isaiah Thomas, si yule Isiah wa Detroit wa kitambo, namaanisha huyu wa Boston kwa NBA, ligi kubwa ya Marekani, wa sentimita 175. Nilikuwa naangalia klipu zake usiku alafu asubuhi naenda kujaribu kwa uwanja wa mtaa kabla watoto wa shule wajae. Venye alikuwa anaingia katikati ya majamaa wa futi 7 na kumaliza na kushoto, manze nilijua na mimi naweza.

Sasa wiki jana anko yangu, ambaye pia alicheza zamani, ameniambia niache kujidanganya. Anasema Isaiah mwenyewe ndio ushahidi, ati alikuwa mfalme mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata hakuna timu ilimtaka, na sababu ni kimo. Ati gadi mfupi ni wa kutumiwa na kutupwa. Mimi naona aliumizwa na nyonga, na ata kabla ya nyonga alikuwa analipwa kidogo sana kwa kazi aliyokuwa anafanya. Nani ako sawa?

Alafu kuna sababu nauliza sai. Nina maumivu ya upande wa kulia hapa juu ya paja kwa ndani, yameanza tangu msimu uanze. Timu inataka nicheze hadi mechi za mchujo ziishe juu gadi mwingine hatuna. Mkataba sina, ni maneno tu, wananipea nauli na kitu kidogo tukishinda. Na kuna chuo kimoja hapa mjini kimeniambia kitanipa skolashipu nichezee timu yao kuanzia muhula ujao. Kochi wa timu yangu anasema nikiondoka sai nimewasaliti.

kijani_tangu_2008

Ndugu, anko yako ameona mwisho wa hadithi akaruka mwanzo na katikati. Wacha nikupeleke polepole juu huyu jamaa nimemfuatilia tangu akiwa chuo cha Washington, ile shuti ya sekunde ya mwisho dhidi ya Arizona kwa fainali ya Pac-10, ligi ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, mwaka 2011, muda wa ziada, anarudi nyuma na kuachilia mpira kengele ikilia. Miezi michache baadaye anaingia drafti, pale timu za NBA zinachagua wachezaji wapya, na anachaguliwa namba 60. Namba 60 ndio ya mwisho kabisa, hakuna mwingine nyuma yake. Sacramento wakamchukua, na kufikia msimu wa 2013/14 alikuwa anafunga pointi 20 kwa mechi na asisti 6, yaani pasi za kuzaa kikapu. Bado wakamwachilia. Akaenda Phoenix 2014 kwa mkataba wa miaka 4, dola milioni 27, akapata wameshajaza magadi, Dragić yuko, Bledsoe yuko. Februari 2015 Boston wakamchukua na hapo ndipo dunia ikamjua.

Msimu wa 2016/17 alifunga wastani wa pointi 28.9. Karibu 10 kati ya hizo zilikuwa za robo ya nne peke yake, yaani wakati kila mtu uwanjani anajua mpira unaenda kwake na bado wanashindwa kumzuia. Boston wakashinda mechi 53, wakawa wa kwanza Mashariki. Kwa kura za mchezaji bora wa ligi nzima akawa wa tano. Na mwaka huo alilipwa dola milioni 6 na kitu! Kumbuka hilo nitarudi kwalo.

Sasa sikiza hii sehemu juu ndio inaniuma mpaka leo. Tarehe 15 Aprili 2017, siku moja kabla ya Boston kucheza mechi yao ya kwanza ya mchujo, dada yake mdogo Chyna anakufa kwa ajali ya gari kule jimbo la Washington. Yeye anacheza kesho yake. Anaendelea kucheza. Jumamosi tarehe 29 anaenda kumzika dada yake upande ule mwingine wa Marekani, anasafiri usiku, Jumapili mchana ako uwanjani Boston dhidi ya Wizards, anafunga 33, na katika mechi hiyo hiyo anapigwa kiwiko jino linatoka. Siku mbili baadaye, baada ya kukaa masaa kwa daktari wa meno, anafunga 53. Hamsini na tatu, 29 kati yake robo ya nne na muda wa ziada. Na hiyo siku, tarehe 2 Mei, ndio ilikuwa siku ya kuzaliwa ya marehemu dada yake.

Na haya yote nyonga yake ilikuwa imeumia tangu Machi, kwa mechi ya Minnesota. Alicheza nayo miezi miwili hivi hadi mechi ya pili ya fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland, hapo ndipo madaktari wakasema basi. Agosti wakampeleka Cleveland kubadilishana na Kyrie Irving. Cleveland walipomkagua nyonga wakasita hadi Boston wakaongeza chaguo lingine la drafti ndio biashara ipite.

Kwa hivyo hapana, kimo si ndio kilimwangusha. Alikuwa na kimo kile kile wakati anafunga 53.

msema_difensi

Kijani hapo juu ameandika vizuri na mimi pia nilimpenda huyo mtu lakini lazima tumwambie kijana ukweli wote. Kimo kilihusika. Si kwa kumfanya ashindwe, ni kwa kumnyima pa kuangukia.

Angalia hivi. Gadi wa sentimita 193 akipoteza kasi kidogo bado anaweza kusimama kona apige pointi 3 juu ya mikono ya mtu, anaweza kukaba mawinga, kochi anampatia kazi nyingine. Wa sentimita 175 akipoteza ule mruko wa hatua ya kwanza, timu pinzani inafanya kitu kimoja tu, wanamtafuta kwa difensi. Wanaleta skrini, yaani mwenzao anasimama kama ukuta njiani, wanalazimisha yeye abaki na mtu mkubwa, wanapitisha mpira pale, kila mara. Boston walikuwa wanamficha vizuri juu walikuwa na Avery Bradley, Marcus Smart na Crowder, watu wanaokaba kama ugomvi wa familia. Alipofika Cleveland hakukuwa na wa kumficha. Mechi 15 tu, alianza Januari 2018 na Februari wakamtuma Lakers. Machi akafanyiwa upasuaji. Denver 2018/19 mechi 12 msimu mzima.

Sasa linganisha na wafupi waliodumu. Muggsy Bogues, sentimita 160, misimu 14. Huyo hakuwa anategemea kufunga, alikuwa hapotezi mpira na alikuwa anaiba wa wengine. J.J. Barea alianza mechi 3 za mwisho za fainali ya 2011 na Dallas wakachukua ubingwa. Chris Paul naye si mrefu, sentimita 183, aliingia ligi 2005 na msimu wa 2024/25 bado alianza mechi zote 82 pale San Antonio akiwa na miaka 39! Kasi yake ilikuwa imeisha kitambo, mbona bado alikuwa anacheza? Juu ya kichwa. Alikuwa anajua skrini inakuja wapi kabla aliyeipanga ajue.

Kwa hivyo kijana, cheza, lakini jenga mchezo ambao utabaki nyonga ikikataa. Shuti ya pointi 3 ukiwa umesimama, pasi ya mkono wa kushoto, na difensi ya miguu.

pointi_wa_umoja

@msema_difensi hiyo ya kupoteza kasi sikuwa nimeifikiria hivyo, asante. Kusema ukweli mchezo wangu wote ni kuingia ndani. Pointi 3 napiga nikiwa na nafasi tu.

@kijani sikujua alikuwa ameumia tangu Machi.

fizio_kando_ya_uwanja

Habari zenu. Mimi ni fizio, nimehudumia wachezaji wa basketi na raga hapa Nairobi kwa miaka kadhaa. Naomba niingilie kwa sababu naona mnajadili mikataba na huyu ndugu yetu ametaja maumivu ya kinena kana kwamba ni jambo la pembeni.

Jeraha la Isaiah Thomas lilikuwa la labramu ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani ya kikombe cha nyonga, na ukingo wa hicho kikombe umezungukwa na gegedu laini inayosaidia kukishikilia. Hiyo ndiyo labramu. Kuna watu ambao umbo la mfupa wao, ama la kichwa ama la ukingo wa kikombe, linafanya mfupa ugongane na mfupa kila wanapokunja paja na kulizungusha kwa ndani. Gadi anafanya mwendo huo siku nzima: anachuchumaa kukaba, anageuka ghafla, anapanda na mguu mmoja. Kidogo kidogo ule ukingo unachanika. Ukiendelea kucheza juu ya mchaniko, gegedu ya kiungo chenyewe inaanza kuliwa, na hiyo ikiisha hairudi. Mwaka 2020 yeye alilazimika kufanyiwa upasuaji mwingine wa kufunika kichwa cha mfupa kwa chuma, akiwa na miaka 31. Alisema baada ya hapo maumivu yaliisha, na kweli alirudi akacheza, lakini miaka yake mizuri ilikuwa imeenda.

@pointi_wa_umoja nijibu haya. Maumivu yako ni ndani kabisa ya kinena ama ni kwa misuli ukiibonyeza? Yanakuja ukikaa kwa matatu muda mrefu? Kuna mlio ama kitu kinanasa ukigeuka? Ukilala chali mtu akakunja goti lako kuelekea kifuani na kulisukuma upande wa ndani, unaumia?

pointi_wa_umoja

Ndani kabisa. Kwa matatu ndio mbaya zaidi hasa ile siti ya nyuma miguu ikiwa imekunjwa, nikishuka nachechemea hatua za kwanza. Mlio upo. Hiyo ya mwisho nimejaribu sai na ndugu yangu, imeuma sana.

Nilipigwa eksirei mwezi uliopita wakasema mifupa iko sawa.

fizio_kando_ya_uwanja

Eksirei ya kawaida haionyeshi labramu, na kuona umbo la mfupa inategemea imepigwa kutoka upande gani na aliyeisoma alikuwa anatafuta nini. Unahitaji kuonwa na daktari wa mifupa anayeshughulika na nyonga, na uwezekano mkubwa atakuagiza MRI. Wakati mwingine wanaweka dawa ya rangi ndani ya kiungo ndio mchaniko uonekane vizuri. Mimi siwezi kukupa jibu la ugonjwa kupitia maandishi na mtu yeyote atakayekwambia humu una hiki ama kile usimsikize. Lakini hayo majibu yako manne yanatosha mimi kukuambia usicheze wikendi hii.

Jambo la pili. Kuna watu wanacheza na dawa za maumivu, wengine wanadungwa sindano kabla ya mechi. Maumivu yakizimwa unaondoa kitu pekee kinachokuzuia usiharibu kiungo. Nimewaona vijana wazuri sana wakifanya hivyo kwa ajili ya mchujo wa ligi ambayo haiwalipi hata hela ya MRI.

Si kila mchaniko unaishia kwa kisu. Wengi wanapona kwa mazoezi ya kuimarisha makalio na tumbo, kupumzika mambo ya kuruka na kurudi polepole. Ukiwahi.

mama_wa_robo_ya_nne

Mdogo wangu, mimi nilikuwa gadi ligi ya wanawake, sai nafundisha wasichana. Nyonga wameshaongea, mimi naongea karatasi.

Wewe umesema mkataba ni maneno. Basi huna mkataba, na kocha anayekuambia umewasaliti hana kitu cha kukudai. Huwezi kusaliti nauli. Nasema kwa uchungu juu nimeona hii kitu miaka na miaka, mchezaji anavunjika akichezea timu, wiki ya kwanza wanakuja kumwona hospitali na matunda, wiki ya tatu nafasi yake imeshapewa mwingine na bili ni ya mamake. Na si lazima wawe watu wabaya, timu yenyewe haina pesa, ndio maana inafaa ujue mapema.

Angalia kwetu watu waliodumu kwenye basketi walidumu vipi. Wengi walipita timu za taasisi. Ulinzi ni jeshi, KPA ni bandari, Equity ni benki. Kwa timu za namna hiyo mtu anaweza kupata kazi juu ya mpira, goti likiisha mshahara unabaki. Wengine walipita vyuo, Strathmore, USIU, wakatoka na digrii. Na wengine wakaenda nje, Tylor Okari Ongwae ndio mfano mnaoujua nyote, kapita chuo Marekani, kacheza Ulaya miaka mingi, Denmark na Bakken Bears, na ndiye yule alituinua Februari 2021 pale Yaoundé akiwafunga Angola na shuti ya mwisho, 74 kwa 73, Morans, timu yetu ya taifa, wakaingia AfroBasket, kombe la Afrika, baada ya miaka 28. Nilipiga kelele hadi jirani akabisha mlango.

Sasa mambo yanabadilika, Nairobi City Thunder walienda BAL, ligi ya klabu za Afrika, 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na kuna pesa inaanza kuonekana. Wewe una 22. Ukitunza hiyo nyonga miaka miwili mitatu ijayo inaweza kukukuta ukiwa na digrii nusu na mguu mzima wakati klabu zinatafuta magadi. Ukiivunja mwezi huu kwa mchujo wa daraja la chini itakukuta nyumbani.

Lakini chuo pia usiingie kichwa kichwa. Uliza: skolashipu ni ya karo yote ama sehemu? Inabaki nikiumia? Inaangaliwa upya kila muhula ama kila mwaka, na ni nani anaamua, kochi ama ofisi? Nikiumia kwa mazoezi nani analipa daktari? Na kila jibu liwe kwa barua yenye muhuri.

kijani_tangu_2008

Narudi kwa ile ya dola milioni 6 juu inaungana na mambo ya dada hapo juu.

Mwaka 2014 Isaiah alipotia sahihi, kikomo cha mishahara ya timu nzima NBA kilikuwa dola milioni 63. Miaka miwili baadaye pesa mpya za runinga zikaingia, kikomo kikaruka hadi 94. Kiangazi hicho cha 2016 Mike Conley wa Memphis, gadi mzuri sana lakini ambaye alikuwa bado hajawahi kuitwa All-Star, ile mechi ya nyota wa ligi, akapewa dola milioni 153 kwa miaka 5, mkataba mkubwa zaidi uliokuwa umewahi kutiwa sahihi wakati huo. Isaiah ameshakuwa All-Star tayari na bado ako ndani ya ile karatasi ya zamani hadi 2018. Hakufanya kosa lolote, kalenda tu ndio ilimkataa. Kwa hivyo alipokuwa anacheza na nyonga imechanika alikuwa hajalipwa bado. Kiangazi cha 2018 kilipofika alitia sahihi Denver kwa mwaka mmoja, kiwango cha chini cha ligi, kama dola milioni 2.

@msema_difensi nakubaliana na wewe nusu. Kwamba kimo kilimnyima pa kuangukia, sawa. Lakini nyonga ingetibiwa Machi 2017 pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine. Fred VanVleet si mrefu, hakuchaguliwa kabisa kwa drafti ya 2016, akachukua ubingwa na Toronto 2019 na Houston wakampa mkataba wa karibu dola milioni 130. Jalen Brunson aliachwa hadi namba 33 na sai New York nzima ni yake. Mlango wa wafupi haujafungwa.

msema_difensi

VanVleet anakaba. Brunson ana miguu ya mtu anayecheza dansi na hategemei kasi hata kidogo, anasimama, anageuka, anasimama tena. Umenisaidia kujenga hoja yangu. Lakini kwa nyonga tuko pamoja, huyu kijana asicheze wikendi.

pointi_wa_umoja

Wadau nimesoma kila kitu zaidi ya mara moja. Nimeongea na kochi jioni, nimemwambia sichezi hadi nione daktari. Amekasirika, hakusema mengi. Wenzangu wawili wamenipigia simu, mmoja ananielewa, mwingine anasema ningeuma meno mechi tatu tu zimebaki. Huyo wa pili ndio ameniumiza juu tumekua pamoja.

Ya MRI nimeambiwa bei kwa hospitali mbili, ni mingi kwangu. Anko, yule yule aliyesema niache basketi, amesema atalipa nusu. Bado anasema kimo ni kimo lakini atalipa.

Chuo wamenijibu kwa simu kwamba skolashipu ni ya karo yote na inaangaliwa kila mwaka. Ya kuumia hawakujibu vizuri, wamesema "tutaongea ukifika".

mama_wa_robo_ya_nne

Hapana, wataongea kabla ufike. Andika barua pepe leo, fupi, uliza swali moja tu: nikiumia nikiichezea timu ya chuo, skolashipu inaendelea hadi nimalize kozi? Waambie uko na daktari sai na utawaletea ripoti. Usifiche nyonga. Wakikukataa kwa sababu ya hiyo, wamekuonyesha mapema venye wangekufanyia baadaye.

Na huyo rafiki yako aliyekasirika, mpe muda, nenda mechi ukae benchi na jezi, umbebee maji.

fizio_kando_ya_uwanja

Ukipata majibu ya MRI nitumie ujumbe wa ndani, tuyaangalie pamoja na daktari wako kabla hujaamua lolote. Kwa sasa: baiskeli nyepesi siti ikiwa juu, hakuna kuchuchumaa chini kabisa, hakuna kukimbia, na kwa matatu omba siti ya mbele.

Shuti za kusimama unaweza kupiga, bila kuruka. Pointi 3, kona zote mbili.